Darasa la Zaburi la Jumatano jioni hapa Moshi mjini: maoni yangu baada ya wiki 10

Bwana asifiwe wapendwa. Tangu niweke ile picha ya daftari langu la Zaburi kwenye stetasi watu wananiuliza hilo darasa ni la wapi, la dhehebu gani, bei gani, linafaa ama ni walewale, sasa badala ya kujibu mmoja mmoja naandika hapa yote, ni ndefu kidogo naomba mnivumilie.

Darasa lipo chumba cha nyuma cha duka moja dogo la vitabu vya dini, sio mbali na stendi kuu ya Moshi. Duka halina kibao, ukifika mtaani uliza tu "pale wanaposoma Zaburi", hata vijana wa bodaboda wanapajua. Ni kila Jumatano, imeandikwa saa 11 jioni ila kiukweli wanaanza 11 na nusu na siku zingine hadi 12 kasoro, kwa sababu mwalimu anawasubiri wanaotoka kazini hospitali ya KCMC na kinamama wanaofunga biashara Kiboriloni. Mchango ni shilingi 2,000 kwa jioni moja, humo kuna chai ya tangawizi na karatasi ya fotokopi, na kama huna unaingia hivyohivyo, hakuna anayekuangalia vibaya, hilo nimeliona kwa macho yangu. Msimu mmoja ni wiki 10. Nimemaliza zote bila kukosa, na mvua za mwezi wa nne za huku mnazijua zilivyo.

Nieleze kwanza kilichonipeleka maana bila hicho hamtaelewa kwa nini nalisifia hivi. Mama yangu ni mjane, anakaa Kibosho kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, alichoachiwa na marehemu baba. Mwaka juzi baba mdogo aling'oa masale ya mpakani usiku, akayapanda upya hatua kama 12 ndani ya kwetu, migomba na mibuni aliyopanda baba kwa mkono wake ikawa upande wa pili. Kwa wasio wa huku, sale ndo ule mmea tunaopanda kuonyesha mpaka wa kihamba, na ni huohuo Mchagga anaoubeba akienda kuomba msamaha kwa mtu aliyemkosea, ukiletewa sale hutakiwi kukataa. Kwa hiyo alichong'oa baba mdogo usiku ule sio mpaka peke yake. Tumekaa na wazee wa ukoo, tumeenda baraza, tarehe baada ya tarehe, mara mjumbe anaumwa, mara faili halionekani, mara mwenyekiti ana msiba, na mama kila tarehe anateremka na fimbo yake na mimi nafunga cherehani nampeleka. Alafu Jumapili huyo baba mdogo anakaa mbele kanisani, mavuno anatoa gunia la mahindi anatajwa jina, watu wanapiga makofi. Mimi niko kwaya, naimba sauti ya pili, namwona vizuri kabisa kutoka nilipo.

Kabla ya hapo nilikuwa naenda mikesha sehemu moja, sipataji. Kule Zaburi ya 35 ilikuwa silaha, "Ee Bwana, utete nao wanaoteta nami", unataja jina la adui yako unapiga mguu chini, unarudia, na mafuta unanunua shilingi 20,000. Nilitaja jina la baba mdogo wiki sita mfululizo. Nilikuwa narudi nyumbani sipati usingizi, na nikikutana naye njiani mikono inatetemeka. Na kihamba kiko vilevile. Mafuta yale nilinunua mara mbili na ilikuwa hela ya vitambaa vya wateja, inaniuma mpaka leo.

Sasa darasani. Mwalimu ni mwinjilisti mstaafu, aliwahi kufundisha Kiswahili sekondari, na hapigi kelele. Kabla hajasema neno anaisoma zaburi nzima mara mbili, ya pili polepole sana, anasimama penye nukta. Mwanzoni nilihisi tunapoteza muda lakini ndo kitu nilichokuja kukipenda kuliko vyote, maana kumbe nimekulia kanisani na Zaburi nazijua kwa mstari mmoja mmoja wa kwenye kadi za harusi, nyingi sijawahi kuzisikia mwanzo hadi mwisho. Siku ya kwanza alitupa picha kwa haraka, ziko 150, zimegawanyika vitabu vitano, cha kwanza kinaishia ya 41, na kila kitabu kinafungwa na sifa, 73 zimeandikwa za Daudi na 12 za Asafu, na aina iliyo nyingi kuliko zote ni za kulalamika. Hapo mama mmoja akauliza, mwalimu kwa hiyo kulalamika ni ibada? Akamwambia mama, Waebrania kitabu hiki chote wamekiita Sifa, na malalamiko yamo humohumo, hayajawekwa kwenye kitabu cha pembeni. Akaendelea. Mi nilibaki pale.

Zaburi ya kwanza tuliyoichambua ni ya 73 na nadhani aliichagua makusudi. Ni ya Asafu, na Asafu alikuwa kiongozi wa waimbaji mbele ya sanduku la agano enzi za Daudi, soma 1 Mambo ya Nyakati 16. Mtu wa kwaya! Na huyo mtu wa kwaya anasema miguu yake ilikuwa karibu na kupotoka kwa sababu "naliwaonea wivu wenye kujivuna, nilipoiona hali ya amani ya wasio haki", wamenenepa, hawapati taabu kama wengine, midomo yao imefika hadi mbinguni, na yeye aliyejitunza anafika mahali anasema "hakika nimejisafisha moyo wangu bure". Nilijisikia nimekamatwa. Nilikuwa nafikiri mawazo yale ni yangu peke yangu na ni dhambi kuyawaza nikiwa nimevaa joho, kumbe yameandikwa, tena yanaimbwa.

Zaburi hiyo ina mistari 28, na inageuka mstari wa 17, "hata nilipoingia katika patakatifu pa Mungu, nikautafakari mwisho wao". Mwalimu akatuuliza, huko patakatifu Asafu alipewa jibu gani? Tukatafuta tukatafuta. Hakuna jibu la kwa nini waovu wanastawi. Wale waovu hawajaguswa bado, wako vilevile na unene wao. Kilichobadilika ni mahali alipokaa yeye, alikuwa anaangalia maisha yao akiwa nje, sasa anayaangalia akiwa mbele ya Mungu na anaona yanakoelekea, na mwisho anasema kumkaribia Mungu ni kwema kwake. Tulikaa saa nzima na robo kwenye mstari huo mmoja na chai ikapoa. Nikamuuliza, mwalimu, sasa huyo niliyenaye mimi yuko patakatifu hukohuko, tena kiti cha mbele. Hakucheka wala hakunipa jibu la haraka. Akasema dada, fungua ya 50 ukasome nyumbani, mstari wa 16 na kuendelea. Nilisoma usiku ule. Mungu anamwambia asiye haki, una nini wewe kuitangaza sheria yangu, ulipomwona mwizi ulikuwa radhi naye, nami nikanyamaza, ukadhani mimi ni kama wewe. Na hapohapo juu anasema hahitaji ng'ombe wa mtu, wanyama wote wa milima elfu ni wake. Nikawaza lile gunia la mahindi.

Jioni nyingine iliyonishika ni ya 96 na 98. Hizi ni za shangwe, tunaziimba sana, lakini angalia miti ya mwituni inaimba kwa sababu gani, mito inapiga makofi kwa sababu gani. "Kwa maana anakuja, kwa maana anakuja aihukumu nchi." Hukumu! Sisi tukisikia hukumu tunawaza moto, tunawaza mahubiri ya msibani ya kutishia watu. Mwalimu akaeleza neno la Kiebrania la kuhukumu ni lile linalotoa jina la kitabu cha Waamuzi, wale akina Debora na Gideoni, mtu anayesimama akaamua jambo na kumtoa mwonewa mikononi mwa anayemwonea. Ndo maana mjane akisikia Mwamuzi anakuja anapiga vigelegele, anayeogopa ni yule aliyeshika kihamba cha mwenzake. Na kwetu sisi tuliozoea kuambiwa leo haiwezekani, njooni tarehe nyingine, lile "anakuja" kusemwa mara mbili lilinitoa machozi, sioni aibu kusema. Kuna baba mmoja wa Pasua, kimya sana wiki zote, alisema kesi ya mwanae imeahirishwa hadi ameacha kuhesabu, na alisema hayo akiwa amesimama, akakaa, tukaimba. Hatukuimba vizuri, ila sijui kama nimewahi kuimba hivyo.

Halafu ikaja wiki ya 35 na 109, nilikuwa naisubiri kwa hamu na kwa hofu. Wengi walikuja siku hiyo, viti havikutosha. Mwalimu hakuzikwepa na hakusema hizi ni za Agano la Kale tuachane nazo. Alisoma ya 109 yote, na alipofika "wanawe na wawe yatima, na mkewe na awe mjane" nilimfikiria mama, maana hilo neno mjane sisi tunalijua lina harufu gani, na nilijiuliza kama kweli nataka mke wa baba mdogo, aliyenilea nikiwa mdogo mama akiwa shambani, awe hivyo. Sikupata jibu pale. Lakini alituonyesha vitu ambavyo kule mkeshani hatukuwahi kuonyeshwa. Kwamba mwombaji kwenye 35 anasema hao maadui walipougua alivaa gunia akafunga kwa ajili yao, kwa hiyo ni mtu aliyependa kwanza akaumizwa. Kwamba kwenye 109 kosa linatajwa wazi, huyo mtu alimfuatia maskini na mhitaji, ni shitaka lenye sababu na halikutokana na kijicho cha jirani kununua gari. Na kwamba mwanzoni yumo mshitaki anayesimama mkono wa kuume wa mtu, na mstari wa mwisho kabisa wa zaburi anayesimama mkono wa kuume ni Mungu mwenyewe, upande wa mhitaji, kama wakili. Zaburi nzima imekaa kimahakama. Na mwombaji hashiki panga popote, kila kitu anamwambia Mungu, hata yale maneno mabaya kuliko yote anayamwaga mbele ya hakimu na kuyaacha hapo.

"Ukishamkabidhi hakimu faili," alisema, "huwezi tena kwenda nalo nyumbani ukalale nalo." Nadhani hiyo sentensi ndo iliyonirudishia usingizi, sio siku hiyohiyo, ila taratibu. Kule nilikuwa nataja jina ili nguvu fulani imwendee mtu, hapa nataja jina ili mwenye haki aamue, na akiamua kumhurumia baba mdogo, akamletea toba, akaja na sale mlangoni kwa mama, basi hiyo nayo ni hukumu yake na mimi nitatakiwa kupokea. Hapo bado napambana, sitadanganya. Akatukumbusha pia Bwana Yesu msalabani aliomba kwa maneno ya Zaburi, ya 22 na ya 31, na katikati ya hayo akawaombea msamaha waliomtundika. Kijana mmoja akataka kubishana kuhusu kulaani wachawi, mwalimu akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia mwanangu, wewe omba Mungu aamue, usimwandikie Mungu hukumu. Yule kijana hakuridhika na wiki iliyofuata hakuja, iliyofuata baada ya hapo akaja.

Ya 15 ilinigusa upande ambao sikutegemea. Inauliza nani atakaa hemani mwa Bwana, na majibu yake hayana kufunga siku 40 wala kunena, ni mambo ya mtaani kabisa, asiyesingizia kwa ulimi, asiyekula riba, asiyechukua rushwa dhidi ya asiye na hatia, na huyu hapa: "ingawa ameapa kwa hasara yake, hayabadili maneno yake". Mimi ni fundi. Nilikuwa na sare za watoto wanne wa mama mmoja, nimepokea hela yote, nimemwambia njoo kesho wiki tatu. Nililia haki ya kihamba huku watoto wa mwenzangu wanaenda shule na sare zilizochanika. Nilishona usiku huo hadi saa 9, nikampelekea mwenyewe asubuhi na nikamrudishia nauli zake alizopoteza. Kama unataka darasa la kukwambia wewe ni mwema na maadui zako ndo wabaya, hili halikufai.

Zingine nipite haraka. Ya 82, ambako Mungu anasimama kuwahukumu wanaohukumu kwa dhuluma na kuwaamuru wamtendee haki maskini na yatima, natamani ingebandikwa ukutani kila baraza la nchi hii. Ya 88 mwalimu aliisoma akakaa kimya, maana ndo zaburi inayoishia gizani, haina mstari wa kukupa moyo mwishoni, na hakutupachikia wa kwake. Tulikaa kimya hivyo labda dakika tano, nje bodaboda zinapita. Dada mmoja aliyefiwa na mtoto alisema hiyo ndo zaburi ya kwanza aliyoisikia inayomjua. Na ya 121 alitusahihisha sisi watu wa Kilimanjaro, maana huwa tunaisoma tukiuangalia mlima wetu kana kwamba msaada unatoka Kibo. Soma vizuri, "nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?" Ni swali, na jibu ni kwa Bwana aliyezifanya mbingu na nchi, mlima nao umeumbwa.

Sasa yanayohitaji kurekebishwa, maana nataka wakisoma wafanyie kazi. Kuchelewa kuanza, nshasema, na wa Uru na Kibosho tunaotegemea daladala za jioni tunatoka kabla ya maombi ya mwisho. Viti ni vya mbao bila mgongo, mtu mzima saa mbili haziwezi, mama yangu alikuja mara moja akashindwa kurudi kwa sababu hiyo tu na iliniuma. Fotokopi wanazotoa zimefifia, wino hakuna, mistari ya chini haisomeki. Hakuna pa kuweka watoto. Ya 137, ile ya mito ya Babeli yenye mstari mgumu kuliko yote kuhusu watoto wachanga, ilipewa dakika 20 za mwisho tukiwa tumechoka, na zaburi ile haistahili kufanyiwa haraka, watu waliondoka na maswali na wiki iliyofuata hatukuirudia. Na lile grupu la WhatsApp limejaa meseji za kufowadi, mafundisho yenyewe unayatafuta kama sindano, wateue mtu wa kulisimamia.

Kuhusu dhehebu, tuliokuwepo ni Walutheri wengi, Wakatoliki wengi pia, na Wapentekoste. Wakatoliki mjue hili mapema, baadhi ya vitabu vyenu namba za Zaburi zinapishana kwa moja kuanzia ya 10 hadi ya 147, kwa hiyo ukiambiwa 73 ukakuta 72 ni ileile, usichanganyikiwe. Tena mama mmoja Mkatoliki ndo aliyetufundisha kuzisoma kwa kupokezana, mmoja anasoma wengine tunaitikia, kama wimbo wa katikati kwenye misa, na tangu siku hiyo tulifanya hivyo kila wiki. Mwalimu anatumia Biblia ya Union Version, ile ya 1952, Kiswahili chake kizito lakini anakifungua vizuri, wengine tulikuwa na Habari Njema, ukibeba zote mbili unafaidi zaidi. Hawauzi mafuta wala chumvi, hawachukui namba yako kukusumbua, na vitabu vya dukani hulazimishwi kununua.

Nampa mwalimu tano kwa tano, mahali na mpangilio naweka tatu. Msimu ujao unaanza mwezi wa saba, watachambua zile Nyimbo za kupanda mlima, ya 120 hadi ya 134, ziko 15 na ni fupifupi, kwa anayeanza nadhani ni pazuri. Mwezi wa saba Moshi jioni ina baridi na chumba kile dirisha moja halifungi, beba sweta na mto mdogo wa kukalia.

Jumapili iliyopita nilipanda Kibosho, mama akaniambia nisomee ile ya sikio. Ni ya 94. Tulikaa nje pale masale ya zamani yalipokuwa, nikamsomea taratibu kama mwalimu, nilipofika "aliyelitia sikio mahali pake asisikie? Aliyelifanya jicho asione?" mama akajibu kama anamjibu mtu mlangoni, "anaona", akachukua panga akaenda kukata majani ya ng'ombe. Tarehe yetu barazani ni Alhamisi ya wiki ya pili ya msimu mpya, kwa hiyo Jumatano yake nitakuwepo darasani, ukinitafuta nakaa safu ya pili upande wa dirishani.